Pambo la Nywele Lisiloacha Deni

Katika karne ya kwanza baada ya kuzaliwa Nabii Isa, mfanya biashara mmoja wa Kiyunani aliyekaa Misri, ambaye jina lake halikuhifadhiwa, aliandika kitabu cha kuwaongoza mabaharia wa Bahari ya Sham na Bahari ya Hindi, na alipofikia habari za pwani yetu, ambayo yeye aliiita Azania, akautaja mji wa biashara wa Rhapta pamoja na bidhaa zilizokuwa zikipakiwa huko: pembe za ndovu kwa wingi, pembe za kifaru, na magamba ya kasa. Magamba hayo, ambayo yaliyo bora hutoka kwa yule kasa aitwaye ng'amba, yalikuwa johari mikononi mwa mafundi wa Misri na Rumi, waliyoyabandika juu ya vitanda na masanduku ya matajiri, na katika zama zilizofuata yakachongwa vitana na vishikizo vya nywele vya mabibi wa Asia na Ulaya. Kwa hiyo anayeshika kitana leo asubuhi mbele ya kioo chake na ajue ya kuwa pwani ya Afrika ya Mashariki imo katika historia ya chombo hicho tangu dahari, na kwamba mara nyingi ndiyo iliyotoa kilicho cha thamani, ikabakiwa na hasara.

Kujipamba ni haki ya mwanadamu na ni sehemu ya ustaarabu wake. Bibi arusi wa pwani hakuhesabiwa kuwa yu tayari mpaka nywele zake zimetiwa mafuta ya nazi, zikafukizwa udi, zikasongwa, na zikatiwa asumini. Na binti wa bara naye alikuwa na misuko yake, shanga zake, na machanuo yake yaliyochongwa kwa ustadi na mafundi wa Kizaramo, wa Kimakonde na wengineo. Makala hii haikuandikwa ili kumkataza mtu uzuri. Ninalotaka kuliweka mbele ya wasomaji ni neno moja tu, nalo ni kwamba kila pambo tunaloliweka kichwani lina asili na lina hatima, na pambo jema ni lile ambalo mwenye kulivaa anaweza kuyataja yote mawili, lilikotoka na litakakokwenda, bila ya kuona haya. Lakini pambo ambalo furaha yake tunaichukua sisi na gharama yake tukamwachia mnyama, msitu, bahari, au mtoto ambaye hajazaliwa, hilo limeacha deni, hata likiwa limenunuliwa kwa fedha taslimu.

Pembe za Zanzibar, vitana vya Marekani

Deni la namna hiyo si jambo geni kwetu. Mwaka 1799 mtu mmoja wa jimbo la Connecticut katika Marekani, Phineas Pratt, alipata hati ya uvumbuzi wa mashine ya kukatia meno ya vitana vya pembe, kazi ambayo kabla ya hapo ilifanywa kwa msumeno wa mkono, jino baada ya jino. Na katika karne iliyofuata vijiji vya Deep River na Ivoryton vya jimbo hilo vikawa makao ya ufundi wa pembe katika nchi ile, kwanza kwa vitana na baadaye kwa vibao vya kinanda. Sehemu kubwa ya pembe hizo ilitoka Zanzibar. Mmoja wa wenye kiwanda wa Ivoryton, George Cheney, alikuwa amepata kukaa Zanzibar akiwa wakala wa biashara kabla ya kushirikiana na Samuel Comstock. Na huku kwetu misafara ilikuwa ikitoka Ujiji na Tabora kuja Bagamoyo, pembe zikiwa mabegani mwa wapagazi na watumwa, ikipita katika nchi ambazo ndovu wake walikuwa wakipungua mwaka hata mwaka, mpaka wawindaji wakalazimika kuvuka Ziwa Tanganyika na kuingia katika misitu ya Manyema. Bibi wa Boston aliyekitia kitana kile katika nywele zake hakuwa na habari ya mzigo huo wala ya njia hiyo; alilipa bei iliyotajwa dukani, akaona mambo yamekwisha.

Plastiki ilizaliwa katika uhaba huo huo wa pembe, na ni insafu tukumbuke jinsi ilivyokuja. Pembe zilipokuwa adimu na ghali, watengenezaji wa mipira ya biliadi huko Marekani walitangaza zawadi kwa atakayebuni kitu cha kushika mahali pake, na mpiga chapa mmoja wa mji wa Albany, John Wesley Hyatt, kwa kuchanganya kafuri na pamba iliyopitishwa katika tindikali, akapata kitu kigumu, laini, chenye kupokea kila rangi, ambacho alikipatia hati mwaka 1870 na ambacho kikajulikana kwa jina la seluloidi. Waliofaidika nacho kuliko wacheza biliadi ni mafundi wa vitana. Mji wa Leominster katika Massachusetts, uliokuwa ukichonga vitana vya pembe za ng'ombe tangu karne ya 18, na mji wa Oyonnax katika Ufaransa, uliokuwa ukivichonga kwa miti na pembe, yote miwili ikageukia seluloidi, ikatengeneza kwa bei nafuu vitana vilivyoigiza weupe wa pembe ya ndovu na madoa ya gamba la ng'amba hata jicho lisiweze kutofautisha. Na wenye kuiuza seluloidi wakatangaza kwa fahari kwamba wamewapumzisha ndovu na kasa katika makazi yao. Kwa kitana peke yake hawakusema uongo, maana fundi aliyepata seluloidi hakuwa na haja tena ya kumngojea mwindaji.

Hata hivyo lililowakinga wanyama hao kwa yakini ni sheria, nayo ilikuja ikiwa imechelewa sana. Mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, uitwao CITES, ulitiwa sahihi Washington mwaka 1973. Ng'amba wa bahari zote wakaingizwa mwaka 1977 katika orodha yake ya kwanza, ambayo viumbe wake hawaruhusiwi kuuzwa kwa biashara baina ya nchi na nchi. Na ndovu wa Afrika wakaingizwa humo mwaka 1989, mwaka ule ule ambao Rais Daniel arap Moi aliziwasha moto tani 12 za pembe jijini Nairobi mbele ya macho ya ulimwengu. Japani, iliyokuwa mnunuzi mkubwa wa magamba, iliacha kuyaingiza nchini mwishoni mwa 1992. Na jirani zetu wa Shelisheli walitenda jambo linalostahili kutajwa kwa heshima, kwa kuwa wakati walipompa ng'amba ulinzi kamili wa sheria mwaka 1994, hawakuwatupa mafundi waliokuwa wakipata riziki yao kwa kuchonga magamba, bali serikali iliwanunulia akiba yao na kuwasaidia kujifunza kazi nyingine, kisha mwaka 1998 akiba hiyo ikatiwa moto. Nchi ile ilifahamu kwamba haki ya mnyama na haki ya fundi haziwezi kutenganishwa, na sisi tunaozungumza juu ya mapambo tutahitaji kulikumbuka fundisho hilo tutakapofika kwa wasusi wetu.

Deni lilipohamia baharini

Ng'amba aliyeepukana na kisu cha mchonga vitana sasa anakutana na kitu kilichotengenezwa ili kimponye. Kasa humeza plastiki inayoelea akiidhania kuwa ni konyeza, na plastiki hiyo haiyeyuki tumboni mwake wala haiozi majini, ila huvunjika vipande vidogo na vidogo zaidi, vikaingia katika mchanga, katika samaki, na mwishowe katika sahani zetu. Wenye shaka na wakumbuke jahazi la Flipflopi, lililoundwa Lamu chini ya uongozi wa fundi Ali Skanda na kuingizwa majini mwaka 2018, ambalo lilitumia takriban tani 10 za plastiki iliyookotwa pamoja na ndara zipatazo 30,000, kisha mapema mwaka 2019 likasafiri kwa tanga mpaka Zanzibar. Jahazi zima, lenye mkuku, mbavu na mbao, likatoka katika takataka za ufuko.

Serikali zetu hazikukaa kimya. Zanzibar iliipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, Rwanda ikafuata mwaka 2008, Kenya tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Lakini sheria hizo ziliigusa mifuko, wala haziwezi kukifuata kila kibanio katika kila kibanda cha soko. Na vitu vya nywele vina shida yake ya pekee, nayo ni udogo wao na mchanganyiko wao. Chupa ya maji ina mnunuzi, kwa maana waokota chupa huziuza kwa uzito wake. Lakini kibanio kilichovunjika, chenye springi ya chuma, meno ya plastiki ya namna moja na gundi ya namna nyingine, hakuna anayekitaka, kwa sababu kazi ya kuvitenganisha vitu hivyo inapita thamani yake. Mpira wa kufungia nywele nao una nailoni au polista iliyosokotwa juu ya uzi wa kunyumbuka, na ukikatika hautengenezeki. Vitu hivyo hupotea kitandani, uani, njiani na ufukoni, na mvua ya kwanza ya masika huvichukua.

Kisha zipo zile nywele za bandia ambazo wengi wetu tunaziita rasta. Msichana wa Dar es Salaam, wa Mombasa, wa Kampala au wa Bujumbura anayekwenda kusuka, aghalabu hupeleka kwa msusi pakiti kadhaa za nyuzi hizo, ambazo asili yake ni mafuta ya petroli na gesi. Aina iliyopata sifa mapema, Kanekalon, ilianza kutengenezwa na kampuni ya Kaneka ya Japani mwaka 1957, nayo ni nyuzi za jamii ya akriliki zenye klorini ndani yake. Nyingine ni za polista, nyingine za polipropilini, na nyingine za plastiki ya PVC, jamii ya ile inayotengenezewa mabomba ya maji. Msuko hudumu majuma machache, kisha hufumuliwa, na furushi la nyuzi linakwenda jalalani, liwe la Pugu Kinyamwezi, la Mwakirunge au la Dandora. Au, mahali ambapo gari la taka halifiki, linachomwa uani pamoja na majani makavu. Hapo ndipo ilipo hatari ambayo watu wengi hawaijui, kwani plastiki yenye klorini ikiungua katika moto mdogo wa uani hutoa moshi wenye tindikali na sumu za dioksini, na wanaovuta moshi huo ni watoto wanaocheza karibu.

Wala hatari haianzi jalalani. Mwaka 2025 jarida la Consumer Reports la Marekani, linalopima bidhaa kwa niaba ya wanunuzi, lilichunguza aina 10 za nywele za bandia za kusukia, likakuta katika zote kemikali zinazohusishwa na saratani, na katika 9 kati yake madini ya risasi. Uchunguzi huo ulikuwa wa bidhaa za soko la Marekani, lakini majina mengi ya bidhaa hizo husafiri dunia nzima. Na msusi anayezishika nyuzi hizo kutwa, akachovya ncha zake katika maji ya moto ili zisifumuke, akavuta mvuke wake katika chumba chenye dirisha moja, ana haki ya kujua kilichomo ndani ya pakiti kuliko mtu mwingine yeyote.

Maswali mawili mbele ya muuza duka

Mtu atauliza, basi tununue nini? Na mimi namjibu kwamba ununuzi wa kwanza ni kutonunua. Yule aliye na vibanio vya plastiki nyumbani asivitupe kwa kuwa amesoma makala hii, maana kuvitupa ndiko kuilipisha bahari deni lote kwa siku moja. Na avitumie mpaka vimechakaa, avitunze katika kikapu kimoja visipotee, na springi ikilegea aipeleke kwa fundi kabla ya kwenda dukani. Israfu haigeuki kuwa wema kwa sababu imefanywa kwa jina la mazingira.

Haja ya kununua ikiwa ya kweli, anunue kwa maswali mawili. La kwanza ni la asili: kitu hiki kimetoka katika nini, na mahali kilipotolewa pamebaki katika hali gani? La pili ni la hatima: siku kitakapovunjika, kitarudi udongoni, au kitayeyushwa kikawa kingine, au kitakaa ulimwenguni baada ya wajukuu wangu? Kitu kinachojibu vizuri swali moja na kushindwa katika la pili hakijastahili kuitwa rafiki wa mazingira. Kitana cha pembe ya ndovu mwishowe kingerudi udongoni, lakini asili yake ni dhuluma. Na kitana cha plastiki hakikumwua mnyama kiwandani, lakini hatima yake ni mzigo.

Maswali hayo hayo yatamlinda mnunuzi na maneno matamu ya lebo. Viko vibanio vinavyouzwa kwa sifa ya kuwa vinaoza kwa sababu vimetengenezwa kwa plastiki ya wanga wa mahindi, ilhali plastiki ya namna hiyo huhitaji mtambo maalumu wa kuozesha wenye joto la nyuzi 60 hivi, na ikitupwa ufukoni au shimoni hukaa kama ndugu zake. Viko vitambaa vya kichwa vinavyosifiwa kuwa ni vya mwanzi, na kwa kweli mwanzi huo umeyeyushwa kwa dawa kali za viwandani mpaka ukawa hariri ya bandia. Mwanzi uliochongwa kitana na mwanzi uliogeuzwa kitambaa ni mambo mawili mbali mbali. Na viko vitana vya mti vilivyopakwa rangi nzito na vanishi mpaka mti wenyewe haugusi nywele. Jibu la jumla kama vile "ni cha asili" lisimtosheleze mtu. Na aulize asili gani.

Vilivyo karibu nasi

Tukiitazama mali iliyo karibu, tutaona kwamba nchi zetu hazikunyimwa kitu. Tuanze na mti. Mpingo ni sultani wa miti ya kuchonga, mweusi, mzito, mgumu, na chanuo lake hurithiwa. Lakini huhitaji miaka 70 na zaidi kufikia umri wa kukatwa, na tangu mwanzo wa 2017 jamii yake yote imewekwa chini ya uangalizi wa CITES. Kwa hiyo njia ya halali na ya busara ni kununua chanuo lililochongwa katika mabaki, na mabaki ni mengi, kwa sababu mtengenezaji wa zumari na klarineti hutaka kipande kisicho na kasoro hata kidogo, na sehemu kubwa ya gogo hubaki chini ya msumeno. Viko vijiji vya wilaya ya Kilwa ambavyo vinausimamia msitu wa mpingo kwa mpango na kuuza kwa hati inayotambulika kimataifa, na bidhaa yenye kuweza kuonyesha asili ya namna hiyo inastahili bei yake.

Iko pia miti isiyo na taabu hiyo. Wachongaji wa Kikamba walioko Mombasa, ambao kwa miaka mingi walikuwa wakitegemea mpingo na muhugu mpaka misitu ya pwani ikaanza kukonda, walishauriwa wageukie mwarobaini, mti wa asili ya Bara Hindi uliokwisha kuenea pwani nzima na unaokua upesi. Na kadhalika mwembe na mfenesi uliozeeka na kuacha kuzaa hutoa mbao nzuri, baada ya kuwa umewalisha watu maisha yake yote. Kitana cha mti hakitaki mengi: kisiloweshwe kutwa katika maji, kisafishwe kwa mswaki mkavu, na kipakwe mafuta ya nazi mara kwa mara, nacho kitadumu miaka na kitazidi kuwa laini kwa kutumiwa.

Pembe ya ng'ombe ni mali nyingine ambayo machinjio yetu huitupa. Kwa maumbile pembe hiyo, kama ilivyo gamba la ng'amba, imefanywa kwa keratini, kitu kile kile kilichofanya nywele na kucha za mwanadamu, na kwa sababu hiyo hulainika kwa moto, ikanyoshwa, ikakatwa meno yasiyokwaruza kichwa, na siku zake zikiisha huoza na kuurutubisha udongo. Mafundi wa Uganda wanaofanya kazi kwa pembe ndefu za ng'ombe wa Ankole, na wenzao wa Nairobi wanaogeuza mifupa na pembe kuwa hereni na vipini, wanao uzuri wote wa gamba la ng'amba, madoa yake na mng'ao wake, pasipo damu ya kasa hata mmoja. Na kifuu cha nazi, ambacho jikoni hakina makao isipokuwa kuwa upawa au kuni, kikisuguliwa kwa msasa na kutiwa mafuta hutoa kibanio cheusi kinachong'aa, kinachoshikwa kwa kijiti cha mti katikati bila ya springi wala gundi; kitu hicho hakina sehemu ya kuharibika.

Mwenye uwezo asidharau madini. Kishikizo cha fedha au cha shaba ni ghali siku ya kununuliwa na ni rahisi katika miaka 30 inayofuata, na kikipindika sonara hukinyosha, na mtindo wake ukichukiza huyeyushwa na kuwa kingine. Mabibi wa Lamu, Zanzibar na Maskati waliokuwa wakiweka akiba yao katika mapambo ya fedha waliijua hesabu hii kabla ya sisi kuanza kuzungumza habari za mazingira.

Na nguo je? Fundi cherehani yeyote ana gunia la vipande vya kanga na vitenge, na katika vipande hivyo hupatikana tepe, vilemba vidogo na vibanio vya kitambaa vinavyoweza kufuliwa na kushonwa upya. Hadhari ni moja, nayo ni kutofautisha pamba na polista, kwa kuwa vitenge vingi vya sokoni siku hizi ni vya nyuzi za petroli, ambazo kila zifuliwapo huachia vijinyuzi visivyoonekana vikaenda na maji. Jaribio lake ni jepesi: chomoa uzi mmoja, uuwashe kwa kiberiti kwa uangalifu, uzi wa pamba utawaka kama karatasi, utanuka kama karatasi, na utaacha jivu laini, lakini uzi wa polista utajikunja, utayeyuka, na utaacha punje ngumu. Muuza nguo hawezi kubishana na punje hiyo.

Mwisho wa yote ni ua. Asumini iliyotungwa katika uzi wa pamba na kuzungushwa penye songo la nywele, kilua na mrehani vilivyofungwa pamoja na mkadi katika kikuba, ni mapambo yaliyochumwa jioni na kurudi udongoni asubuhi, ambayo humpa riziki mama mwenye mti wake uani na hayamwachi mtu yeyote na mzigo. Inasikitisha kuona ua la plastiki linauzwa penye mlango wa ukumbi wa arusi katika miji ambayo asumini inachanua nyuma ya ukuta wa ukumbi huo huo.

Msusi na mteja wake

Msusi ndiye mwalimu wa jambo hili kuliko mwandishi wa gazeti, na hatuna haki ya kumvunjia riziki yake kwa kumwambia aache rasta pasipo kumwonyesha kazi nyingine. Lakini kazi nyingine iko, tena ni ya zamani. Misuko ya nywele zenyewe, pamoja na ile ya uzi ambayo mama zetu waliisuka kwa uzi mweusi wa pamba, inahitaji ustadi mkubwa zaidi wa mkono, na ustadi ndio unaopaswa kulipwa. Katika msuko wa rasta sehemu kubwa ya fedha ya mteja hupelekwa kwa mwenye kiwanda cha mbali, bali katika msuko wa nywele zenyewe fedha yote hubaki kwa mwenye vidole. Msusi anayejua kuzitunza nywele za mteja wake kwa mafuta, kuziosha, na kuzisuka kwa mitindo inayodumu, ana biashara ambayo haitegemei meli.

Kwa wale wanaopenda urefu na wingi, juhudi zimeanza. Uganda, nchi ya migomba, wako waliojaribu kutengeneza nywele za kusukia kwa nyuzi za mgomba, ambao shina lake hukatwa na kuachwa shambani baada ya kuzaa mkungu mmoja. Na katika mji wa St. Louis, Marekani, kampuni ya Rebundle, iliyoanzishwa na Ciara Imani May mwaka 2019, inauza nywele za namna hiyo hiyo za nyuzi za mgomba. Maadamu migomba ya Kagera, Kilimanjaro, Burundi na Rwanda huachwa ikaoza kila msimu, ingefaa vyuo vyetu vya ufundi na wenye mitaji walitazame jambo hili kwa dhati. Kwa sasa, anayetumia rasta na azifumue bila ya kuzikata, azioshe kwa maji ya vuguvugu na siki kidogo, azikaushe kivulini, na azitumie tena. Na asizichome kamwe.

Najua kwamba wako watakaosema mazungumzo haya ni ya wenye nacho, kwa kuwa kibanio cha plastiki hununuliwa kwa sarafu chache na chanuo la mti huhitaji noti. Hoja hiyo ina uzito, na jibu lake limo katika hesabu ya nyumba yenyewe. Mama mwenye mabinti watatu anayenunua vibanio dhaifu kila mwezi, vikavunjika na kununuliwa tena, mwisho wa mwaka ametoa zaidi ya thamani ya machanuo mawili ya mwarobaini, wala hana cha kuonyesha. Na katika vitu nilivyovitaja, utepe wa kipande cha kanga, kibanio cha kifuu na shada la asumini ni vya maskini na tajiri sawasawa. Kwa hakika maskini ndiye aliyevibuni.

Basi mama anayemnunulia binti yake kitu cha nywele, kwa sikukuu au kwa kufungua shule, na asimame pamoja naye mbele ya muuza duka na amfundishe kuuliza kwa adabu yale maswali mawili, kimetoka wapi na kitakwenda wapi, na akikosa jibu amfundishe kukirudisha mahali pake bila ya majuto. Mapambo ya nywele ni sehemu ndogo ya mizigo inayoielemea bahari yetu, na mimi sidai kwamba chanuo la mti litamwokoa ng'amba peke yake. Lakini ni bidhaa inayoingia katika kila nyumba, yenye badala iliyo karibu na kila nyumba, na mnunuzi wake hana haja ya kungojea waziri wala mkutano wa mataifa ili aanze. Na msichana aliyezoea kuuliza asili na hatima ya kibanio chake atauliza vivyo hivyo, akiwa mtu mzima, juu ya nguo yake, chakula chake, na nyumba atakayoijenga.